Ukaazi wa sanaa mtaani: maandalizi kamili, kuanzia tangazo hadi kukabidhi ukuta

Ukuta wa kwanza niliopewa kuuchora katika ukaazi wa sanaa ulikuwa wa nyumba ya ghorofa moja, umeelekea mashariki, kwa hiyo mchana ukishapinda unakuwa na kivuli kizuri. Waandaaji walinitumia picha yake kwenye simu. Ulionekana mweupe, mtupu, hauna mwenyewe. Nilifika asubuhi, nikasimamisha ngazi, nikaanza kupiga msasa. Saa tisa na nusu wakaja akina mama watano na mikeka yao na ukili wa kusuka. Wakakuta ngazi, vumbi na mimi. Hakuna aliyegomba. Mmoja aliuliza tu, kwa upole kabisa: "Mwanangu, sasa sisi tukae wapi?"

Sikuwa na jibu. Kumbe ukuta ule ulikuwa na kazi miaka yote. Kosa lilikuwa la maandalizi, langu na la walionialika, na lilitugharimu wiki nzima ya kuomba radhi na kuanza upya. Mwongozo huu nimeuandika ili wewe usiipoteze wiki hiyo. Mfano wangu mkubwa ni mji wa Zanzibar, yaani Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo, kwa sababu ndiko ninakokujua vizuri zaidi, lakini nitagusa pia Bara, Kenya, Uganda na Kongo pale ambapo utaratibu unatofautiana.

Kwanza, ujue unaombea nini

Ukaazi wa sanaa, ambao wengi tunauita residensi, ni mpango wa kumpa msanii mahali pa kulala, pa kufanyia kazi na muda maalumu, labda wiki nne, labda miezi mitatu. Residensi za kawaida zinakupa studio na utulivu. Hii tunayoizungumzia hapa ni ya kuhuisha mahali: unakaa mtaani, unafanya kazi na wenyeji, na kinachobaki ukiondoka ni mahali palipoboreka. Panaweza kuwa uwanja wa watoto, kituo cha daladala chenye kivuli, ukuta wenye historia ya mtaa, au benchi za kukalia jioni.

Kwa Marekani jambo hili lilipata jina rasmi, "creative placemaking", mwaka 2010, katika waraka ulioandikwa na Ann Markusen na Anne Gadwa kwa ajili ya mfuko wa taifa wa sanaa wa huko. Kazi yenyewe ilikuwa imekwishaanza zamani. Wasanii wa Project Row Houses mjini Houston, kwa mfano, walianza mwaka 1993 kuzigeuza nyumba ndogo chakavu za mtaa wa Third Ward kuwa sehemu za sanaa na makazi. Nasi pwani tuna baraza. Yule aliyejenga kiti cha mawe nje ya mlango wake ili mpita njia apate pa kukaa alikuwa anatengeneza mahali. Nenda Jaws Corner, Mji Mkongwe, jioni, tazama watu na kahawa zao, bao na mabishano ya siasa, utaona mahali palipokamilika bila mradi wowote. Ukiomba ukaazi wa namna hii, anza na heshima hiyo: unaingia mahali ambapo wenyewe wamekwisha kupatengeneza.

Ng'ambo kuna mfano mzuri wa kujifunzia. Mradi wa mipango miji ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, ulioanza mwaka 2013, ulichora ramani za sehemu ambazo wakazi wenyewe wanazithamini: viwanja vya kuchezea, maskani (vijiwe vya mazungumzo), kumbi za zamani, miti. Kabla hujaandika pendekezo la kazi upande ule wa Darajani, tafuta ramani hizo uzisome. Zitakuonyesha kwamba "eneo la wazi" kwenye picha ya setilaiti mara nyingi ni eneo lenye wenyewe na ratiba yake.

Kutafuta na kusoma tangazo

Nafasi nyingi hutangazwa na vituo vya sanaa. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space kule Mikocheni, ambayo ipo tangu 2008 na studio zake nyingi ni makontena. Nairobi kuna GoDown Arts Centre iliyoanza mwaka 2003. Kampala kuna 32° East, waandaaji wa tamasha la KLA ART linalopeleka kazi barabarani na sokoni. Lubumbashi kuna Picha, waanzilishi wa Biennale ya mji huo tangu 2008. Hata kama kituo hakina ukaazi wa mtaani mwaka huo, watu wake huwa wanajua nani anao.

Ukilipata tangazo, lisome ukiwa na kalamu. Tafuta mambo haya, na lolote lisiloandikwa uliulize kwa barua pepe kabla ya kuomba:

Nani analipa nauli, na analipa kabla au anarudisha baada ya kuleta risiti? Msanii asiye na akiba anaweza kuikosa nafasi kwa sababu ya neno "kurudishiwa" tu. Posho ni ya wiki au ya mwezi, na chakula kimo ndani yake? Fedha ya vifaa iko kando, au inatoka kwenye posho yako? Mtaa umekwisha kukubali kupokea msanii, au unaambiwa ukifika ndio uukubalishe? Kuna mtu wa mtaani anayelipwa kukuongoza? Hayo mawili ya mwisho ndiyo mazito kuliko yote. Mwandaaji akishindwa kukutajia hata mtu mmoja wa mtaa aliyeshiriki kupanga, mimi siombi.

Jihadhari pia na matangazo yanayomtaka msanii alipe ada kubwa ya kushiriki. Zipo residensi za kulipia ambazo ni halali, ila uzihesabu kama safari unayojilipia.

Maombi

Hapa sitakaa sana. Utaombwa wasifu, barua ya nia, picha kama kumi za kazi zako, na majina ya watu wawili wa kukudhamini. Picha zisiwe za kazi iliyokamilika peke yake. Weka mbili tatu zinazoonyesha watu wakifanya kazi na wewe, kwa idhini yao. Kwenye barua ya nia usiahidi umbo la kazi. Andika utaanza na nini: utakaa na nani, utauliza nini, utaamuaje pamoja nao. Wanaochagua wamekwisha kusoma barua nyingi zenye michoro ya 3D ya bustani ambazo mtaa haujawahi kuziomba.

Kama unaombea mtaa usiozungumza Kiswahili, au unatoka nje unakuja kwenye Kiswahili, sema ukweli kuhusu lugha na uombe mkalimani kwenye bajeti. Na anayetoka Dar kwenda Lubumbashi au Goma ajue kwamba Kiswahili chake kitaeleweka, lakini karatasi za ofisi zitakuja kwa Kifaransa.

Mkataba: usisafiri bila karatasi

Hata kama mwandaaji ni rafiki yako, muandikiane. Kurasa mbili zinatosha. Nitataja vipengele ambavyo nimeona vikileta ugomvi visipoandikwa.

Tarehe za kuanza na kumaliza, na siku ngapi za mapumziko. Kiasi cha posho, sarafu yake, na siku ya kulipwa. Malazi: chumba cha peke yako au cha kuchangia, maji yapo, mlango una kufuli. Bima ya afya na ajali, na nani anaishughulikia, hasa ukipanda kwenye mirunda.

Kodi nayo itajwe. Kwa Tanzania na Kenya, malipo ya huduma kwa mkazi hukatwa asilimia 5 ya zuio kabla hujapokea, na kwa asiye mkazi makato ni makubwa zaidi. Kama mkataba unasema utapata kiasi fulani, uliza ni kabla ya makato au baada. Hakikisha una TIN, au PIN ya KRA kwa Kenya, na omba cheti cha makato, kwa sababu kitakusaidia wakati wa ritani.

Halafu umiliki wa kazi. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Msanii ana haki ya kutambuliwa kama mtunzi hata pale alipouza kazi. Lakini kazi ya mtaani haina mtunzi mmoja. Kama watoto ishirini wamechora samaki na mzee mmoja ametoa methali zilizoandikwa, majina yatakuwaje? Nashauri mkataba useme wazi kwamba majina ya washiriki wote wanaotaka kutajwa yataandikwa, kwamba hakuna atakayetumia picha ya kazi kwenye tangazo la biashara bila ya makubaliano ya msanii na kamati ya mtaa, na kwamba mtaa una haki ya kuifuta kazi au kuibadilisha siku ukiamua. Kipengele hiki cha mwisho wasanii wengi wanakiogopa. Mimi nakitaka kwa moyo wote, kwa sababu watu wa mtaa ndio watakaoamka na kazi hiyo kila siku.

Karatasi za safari na vibali

Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi viza kuingia Tanzania, Kenya au Uganda. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa tu, utaratibu ulioanza 2014, ila kwa kuja Tanzania beba pasipoti au hati nyingine ya kusafiria. Kuingia bila viza si sawa na ruhusa ya kufanya kazi. Mwandaaji akuandikie barua ya mwaliko inayotaja kazi yako, muda, mahali na nani anakugharamia, kisha yeye mwenyewe aulize Uhamiaji ni kibali gani kinachohusika. Usikubali kuambiwa "sema tu unakuja kutembea". Ukikamatwa, utakayelala ndani ni wewe.

Zanzibar ina jambo lake: tangu Oktoba 1, 2024 mgeni kutoka nje ya nchi analazimika kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, na bei iliyotangazwa ni dola 44 kwa mtu mzima. Iweke kwenye bajeti. Mtanzania wa Bara abebe kitambulisho chake cha NIDA, kitahitajika bandarini.

Chanjo ya homa ya manjano: kadi ya njano inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu 2016 inahesabiwa ni ya maisha. Anayekwenda Uganda au Kongo, au anayetoka huko kuja Tanzania, asiiache nyumbani. Usisubiri wiki ya safari. Siku hizo 10 zimewakwamisha wengi.

Kibali cha sanaa ni kingine tena. Tanzania Bara, msanii anashughulika na Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA. Zanzibar ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, yaani BASSFU. Kama kazi itagusa jengo lolote ndani ya Mji Mkongwe, ambao umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, mnahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kugusa sura ya nje ya nyumba. Hata kubadilisha rangi. Peleka mchoro, picha ya ukuta ulivyo sasa, aina ya rangi na barua ya mwenye nyumba. Nyumba nyingine ni za wakfu au za serikali, na anayeishi ndani si mwenye kutoa idhini. Fuatilia hadi umpate anayehusika.

Na mwisho, mtaa wenyewe. Zanzibar unaanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Bara ni mwenyekiti na mtendaji wa serikali ya mtaa, na mjumbe. Kenya ni chifu na wazee wa mtaa, pamoja na ofisi ya kaunti kwa kazi za barabarani. Uganda ni mwenyekiti wa LC1, baraza la ngazi ya chini kabisa. Barua ya utambulisho yenye mhuri wa ofisi hiyo itembee nawe kila siku kwenye mfuko wa plastiki. Nimewahi kusimamishwa na askari mara tatu ndani ya wiki moja, na mara zote barua ile ndiyo iliyozungumza.

Msimu na kalenda

Masika yananyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Kwa kazi za nje, Juni hadi Septemba ndio muda mzuri zaidi: ni kavu, kuna upepo wa kusi, jua si kali sana. Januari na Februari pia panafaa, ila joto la kaskazi linakausha rangi brashi ikiwa bado mkononi, kwa hiyo mtaanza alfajiri na kupumzika saa tano.

Angalia na Ramadhani, ambayo kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Zanzibar mchana wa Ramadhani hakuna kula hadharani, vikao vinahamia usiku baada ya tarawehe, na nguvu za watu ni za ibada. Ukaazi unawezekana kabisa mwezi huo, na usiku wake una uchangamfu wa pekee, lakini uwe umepangwa hivyo tangu mwanzo.

Bajeti

Waandaaji wengi wanahesabu rangi, brashi na nauli, basi. Ongeza ngazi au mirunda ya kukodi, turubai, maji ya kunywa ya washiriki, chai na maandazi ya vikao, karatasi na kalamu za watoto, usafiri wa vifaa kwa gari la kukokotwa katika vichochoro visivyopita gari, vocha za simu, na malipo ya fundi na saidia fundi. Kisha tenga asilimia 10 ya dharura na usiiguse wiki ya kwanza.

Posho ya washiriki inahitaji uwazi. Mtu anayeacha kibarua chake kuja kukusaidia amepoteza fedha, na si haki kumlipa kwa soda. Amueni na kamati ya mtaa, mapema, nani analipwa (mafundi, waongozaji, walinzi wa vifaa) na nani anajitolea, na kiwango kiwe kimoja kwa watu wa kazi moja. Kitangazwe kwenye kikao, watu wote wasikie. Tetesi za nani kapewa nini zinaua mradi haraka kuliko mvua. Risiti za EFD zikusanywe tangu siku ya kwanza kwenye bahasha moja.

Tina ya kuzimulia rangi na vimiminika vinavyoshika moto havipandi ndege. Nunua huko huko unakokwenda, na ujue mapema duka gani lina unga wa rangi unaouhitaji.

Wiki ya kwanza: usishike brashi

Ukifika, siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, upelekwe kwa sheha na mwenyeji wako. Usiende peke yako. Vaa kwa heshima, piga hodi, salimia kwa "Assalaam alaykum" au "Shikamoo", na uache mwenyeji aseme kwanza. Wazee waite Maalim, Mzee, Bi, kama utakavyosikia wengine wakiwaita. Haya si mapambo. Mtaa unakupima hapo.

Baada ya hapo, kazi yako ni kukaa. Chukua daftari na uandike mahali hapo saa kwa saa: nani yupo alfajiri, nani anapita na ndoo, maji ya mvua yanaelekea wapi, kivuli kinahama saa ngapi, watoto wa madrasa wanatoka lini, muuza kahawa anaweka wapi jiko lake, taa ipi haiwaki na nani anaogopa kupita hapo usiku. Ningekuwa na daftari hilo mara ya kwanza, ningewaona akina mama wa ukili siku ya kwanza kabisa.

Vikao vifuate ratiba ya watu. Wanawake wengi wanapata nafasi baada ya Alasiri, na wengi watazungumza huru zaidi wakiwa peke yao na mwanamke mwenzao akiongoza. Wanaume utawakuta barazani baada ya Isha. Vijana wa maskani wana saa zao. Usiitishe mkutano mmoja mkubwa ukadhani umewasikia wote, kwa sababu kwenye mkutano mkubwa huzungumza walewale. Waulize watu mambo yenye mwili: "Hapa ulipokuwa mdogo palikuwa na nini?" "Mvua ikinyesha unapita wapi?" "Kitu gani hapa hutaki kiguswe?" Swali la mwisho limeniokoa mara nyingi. Mtaa mmoja waliniambia wanataka kila kitu kibadilishwe isipokuwa gogo la mnazi lililolala pembeni, kwa sababu hapo ndipo marehemu mwalimu wao alipokuwa akikaa. Gogo lile tuliacha vilevile, na benchi zote mpya zikapangwa kulielekea.

Mkishapata wazo, lichoreni kwa mkaa au chaki pale pale ukubwa wake halisi, liache siku tatu, usikilize. Mabadiliko ya chaki hayana gharama.

Ukuta wenyewe

Nataka kukaa hapa kidogo, maana wasanii wengi wazuri wameharibu kuta nzuri bila kujua.

Nyumba za Mji Mkongwe, kama za Lamu na Mji wa Kale Mombasa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wenye chokaa, kisha zikapigwa plasta ya chokaa. Ukuta huo hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, halafu huyatoa taratibu jua likiwaka. Ukiupaka rangi ya mafuta, au hata rangi ya maji ya kopo, umeufunga mdomo. Maji yanabaki ndani na chumvi inajikusanya nyuma ya rangi. Baada ya misimu miwili ya mvua utaona malengelenge. Bonyeza moja kwa kidole: linapasuka, na unga mweupe unamwagika kama unga wa muhogo. Ukiendelea, plasta nzima inaanguka. Plasta ya saruji juu ya mawe hayo inaleta shida ileile, na ndani zaidi.

Tumia chokaa. Loweka chokaa nzuri kwenye pipa la plastiki kwa siku kadhaa, ichuje kwa kitambaa hadi iwe kama maziwa mazito, kisha changanya unga wa rangi ya madini: nyekundu ya udongo, manjano, nyeusi, kijani. Rangi kali za dukani hazitapatikana kwa njia hii, na ni vizuri uchoraji wako ulijue hilo mapema. Lowesha ukuta kwanza. Paka nyembamba sana, itaonekana kama haijashika, subiri kesho, paka tena, mara tatu au nne. Chokaa ikilowa ina rangi nzito na ikikauka inapauka, hivyo jaribu kwenye kipande cha kiganja kimoja, mahali pasipoonekana, usubiri siku mbili. Vaa glavu na miwani, na watoto wasishike chokaa mbichi: inaunguza ngozi, na jicho laweza kupofuka. Watoto wapewe kuchora kwenye mbao au vitambaa, au kupaka juu ya ukuta wa saruji.

Ng'ambo hali ni tofauti. Nyumba nyingi ni za matofali ya saruji, na rangi ya maji ya nje inakaa vizuri ukuta ukishasafishwa na kupigwa praima. Lakini zimo nyumba za zamani za miti na udongo zilizopigwa plasta juu. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukisikia sauti ya utupu, ita fundi kwanza.

Ufa wowote unaoingiza kidole usiufunike kwa rangi. Mwonyeshe fundi mwashi au mhandisi. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Desemba 25, 2020, ikiwa katika matengenezo, watu wa mji wanazitazama kuta kwa jicho jingine, na msanii naye hana budi.

Picha na ridhaa

Utapiga picha nyingi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na hata bila sheria, sura ya mtu ni yake. Andaa fomu fupi ya Kiswahili rahisi inayosema picha itatumika wapi. Kwa mtoto, mzazi asaini. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini. Mwanamke akikubali kuchukuliwa mikono yake ikisuka, hajakubali uso. Kila jioni futa zile zisizo na ridhaa, usingoje mwisho.

Kukabidhi

Panga siku ya kukabidhi tangu wiki ya pili, na umalize kazi siku tano kabla yake. Siku hizo tano ni za kurekebisha, kuosha matone ya rangi mtaani, kurudisha ngazi, kulipa madeni ya dukani na kumwaga masalio ya chokaa mahali fundi atakapokuelekeza, mbali na mtaro wa maji.

Mtaa ukabidhiwe vitu hivi mkononi: daftari lenye vipimo vya kila rangi, vijiko vingapi vya unga kwa ndoo ya chokaa, jina la duka, brashi mbili nzuri, nakala za vibali vyote na mkataba, na fedha kidogo ya matengenezo iliyowekwa kwa watu watatu wanaotia saini pamoja, mmoja wao mwanamke. Wafundishe vijana wawili kupaka upya, na wapake mbele yako, sehemu halisi, siyo mfano. Kubalianeni tarehe ya kurudi kuangalia baada ya masika ya kwanza, na nauli ya safari hiyo iwe imo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwenye ule ukuta wangu wa kwanza, tulichora hatimaye kuanzia urefu wa kichwa cha mtu aliyesimama kwenda juu. Chini tuliacha chokaa nyeupe tupu, tukajenga baraza ya futi 14 kwa mawe na plasta laini, na fundi akaiinamisha kidogo kwa mbele ili maji yasituame. Upana wake alipimisha kwa mkeka wa mama yule aliyeniuliza watakaa wapi. Ndoo ya chokaa ya akiba iko ukumbini kwake, imefunikwa maji juu isikauke, na kijiko cha kupimia kimefungwa kwenye mkono wa ndoo kwa kipande cha ukili.